KADENGE NA MPIRA: MANENO TUNAYO, MTU YUKO WAPI?

Mpendwa msomaji, naomba unipe macho yako kwa dakika chache tu. Ninalo dukuduku moyoni, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Heri niliseme hapa, penye wapenzi wa Kiswahili, kuliko kulimeza.

Ilikuwa Jumamosi moja katika muhula wa pili mwaka 2025. Kidato cha tatu tulikuwa tunamenyana na kidato cha nne katika uwanja wetu ule wenye nyasi upande mmoja na vumbi upande wa pili. Winga wetu akachukua mpira karibu na mstari, akampiga chenga wa kwanza, akampiga chenga wa pili, wa tatu akajikwaa mwenyewe bila kuguswa. Basi uwanja mzima ukalipuka: "Kadenge na mpira! Kadenge na mpira!" Nami nilikuwa miongoni mwao, nikipiga kelele hadi koo likakauka.

Kando yangu alikuwa amesimama kijana wa kidato cha pili. Akanivuta shati, akaniuliza kwa upole, "Kwani huyo Kadenge yuko kidato gani?"

Tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Lakini kicheko kilipokwisha, yule kijana hakuondoka. Akauliza tena, "Sawa, nimekubali mimi ni mjinga. Sasa nyinyi niambieni, ni nani?"

Kimya kikatanda. Mmoja wetu akasema Kadenge alikuwa mtangazaji wa redio. Mwingine akasema, "Ah, huo ni msemo tu, hakuna mtu kama huyo." Mimi, ambaye ni katibu wa Chama cha Kiswahili na sipendi kuonekana sijui, nikajitutumua na kutangaza kwamba Kadenge alikuwa mshambuliaji wa Gor Mahia. Wote wakaridhika. Na mimi nikaridhika na uongo wangu.

Likizo ya Agosti ikafika, nikaenda kumtembelea babu. Babu yangu ni mzee wa miaka themanini na ushei. Presha ya macho imemnyang'anya nuru. Huona kivuli cha mtu akipita mlangoni, lakini sura haioni. Wakati huo Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimeandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, na Jumapili tarehe 10 Agosti vijana wetu wa Harambee Stars walikuwa wanapambana na Morocco pale Kasarani. Shangazi aliwasha televisheni, babu akasogezewa kiti, nami nikaketi kando yake.

Mpira ukaanza. Babu akauliza, "Nani na mpira?"

"Huyo," nikajibu, macho yangu yakiwa kwenye kioo.

"Huyo nani?"

"Huyo wa katikati, babu. Ametoa pale. Ooh! Imekosa kidogo!"

"Ametoa pale wapi, mjukuu wangu? Mimi sioni pale."

Niliona haya kidogo, lakini nikaendelea vilevile, kwa maana sikuwa na njia nyingine. Kabla ya mapumziko Ryan Ogam akapachika bao. Sisi sote tukaruka. Shangazi alimwaga chai. Babu naye akasimama, mkongojo mkononi, akawa anageuza kichwa huku na huku akiuliza, "Nani? Nani amefunga? Kwa mguu gani? Mpira umetoka upande gani?" Nilipopata pumzi ya kumjibu, televisheni ilikuwa imekwisha kurudia bao lile mara tatu, na babu alikuwa amekwisha kuketi. Kenya ilishinda 1-0, tena kipindi cha pili kizima tukiwa watu kumi uwanjani. Nyumba nzima ilikuwa na furaha. Babu akasema neno moja tu, tena bila hasira:

"Nyinyi mna macho, lakini hamna maneno. Siku zetu sisi hatukuwa na macho, lakini Mambo Mbotela alituonyesha Kadenge."

Hapo nikakumbuka uwanja wetu wa shule. Nikamwambia, "Babu, si huyo Kadenge ndiye aliyekuwa akichezea Gor Mahia?"

Mpendwa msomaji, kama babu angekuwa na meno yote angening'ata. Babu ni Ingwe damu. Aliweka kikombe chini, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia niketi vizuri. Yafuatayo ndiyo niliyotoka nayo, mengine kutoka kwake, mengine kutokana na kusoma kwangu baadaye ili nisirudie aibu ile.

Joe Kadenge alizaliwa mwaka 1935 katika kijiji cha Solongo, sehemu za Hamisi, ambako siku hizi ni Kaunti ya Vihiga. Aliichezea Maragoli United, kisha akawa nyota wa Abaluhya United, timu iliyoundwa mwaka 1964, ambayo leo twaijua kwa jina la AFC Leopards. Mwaka 1966 Abaluhya waliutwaa ubingwa wa ligi ya taifa kwa mara ya kwanza. Kadenge pia aliivalia jezi timu ya taifa, wakati ule ambapo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zikigombea Kombe la Gossage. Baadaye aligeuka kocha, na mwaka 2002 alikabidhiwa hata timu ya taifa. Aliaga dunia mjini Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84.

Sasa tazama jambo la ajabu. Kadenge alitamba katika miaka ya sitini. Mimi nimezaliwa zaidi ya miaka arubaini baadaye. Sijaona hata dakika moja ya filamu yake akicheza. Wazee wengi wanaomwimba mpaka leo nao hawakumwona kwa macho. Walikuwa vijijini, mbali na Nairobi, na televisheni ilikuwa kitu cha watu wachache mno. Walichokuwa nacho ni redio moja kwa mtaa mzima, na mawe ya redio yakiisha nguvu yaanikwa juani yapate uhai kidogo hadi mechi iishe. Je, waliwezaje kumpenda mtu wasiyemwona? Jibu ni kwamba walionyeshwa. Na aliyewaonyesha hakutumia kamera. Alitumia Kiswahili.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Ndiye aliyelifanya jina la Kadenge liwe wimbo bila ngoma. Alituacha tarehe 7 Februari 2025, naye pia akiwa na miaka 84. Tulipotangaziwa kifo chake, watu wengi walimkumbuka kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" alichokianzisha mwaka 1966. Lakini waulize wazee wa rika la babu. Watakwambia kwanza, "Kadenge na mpira."

Hebu tuyatazame maneno hayo kama wanachama wa chama hiki wapaswavyo kuyatazama. Ukiyaandika katika insha, mwalimu atakuzungushia wino mwekundu: kitenzi kiko wapi? Ilifaa useme "Kadenge ana mpira" au "Kadenge anao mpira." Lakini mtangazaji hana muda wa kitenzi. Mpira hausubiri sarufi. Na zaidi ya hapo, mimi naona lile "na" linafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Twasema Juma na Asha, mchana na usiku, chanda na pete. Ni neno la kuunganisha wawili wanaokwenda pamoja. "Kadenge na mpira" haisemi tu kwamba mtu fulani ameumiliki mpira. Yasema hawa ni wawili, wanatembea pamoja, na atakayetaka kuwatenganisha ana kazi. Maneno matatu tu, na mkulima aliyekuwa Kakamega au mvuvi aliyekuwa Lamu akaona winga anakimbia.

Ndiyo maana nasema kwamba kumbukumbu ya Kadenge imehifadhiwa na lugha. Ushahidi ni huu: kulikuwa na washambuliaji wengine hodari kabla yake na wakati wake. Kulikuwa na Elijah Lidonde. Kulikuwa na Ali Kajo kule Mombasa. Wazee wakiyataja majina hayo hutikisa vichwa kwa heshima. Lakini nenda uwanja wowote wa shule leo uone kama kuna mtoto anayepaza sauti kuwataja. Hakuna. Hawakukosa miguu, jina la Kadenge ndilo lililopata maneno ya kulibeba hadi kwetu.

Shule zilipofunguliwa nilianza kuuliza watu. Bawabu wetu wa langoni aliposikia jina hilo aliacha kuandika kitabu cha wageni, akaniambia, "Kijana, Kadenge alikuwa mrefu, miguu mirefu." Mpishi mmoja aliyekuwa akipita akaruka: "Mrefu wapi! Baba yangu alimwona. Alikuwa wa kadiri tu, lakini mwepesi kama swara." Wakabishana pale langoni mpaka gari la kuni likakosa wa kulifungulia. Mama mmoja auzaye mboga nje ya shule alicheka, akaniambia, "Mimi nilikuwa mtoto. Nilidhani Kadenge anaishi ndani ya redio ya baba. Usiku nilikuwa naenda kuchungulia nyuma yake." Kila mmoja alikuwa na Kadenge wake. Nami nilifurahi, nikayaandika yote.

Lakini nilipofika nyumbani kwa mzee mmoja jirani ya shule, furaha ile ilipata doa. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Umeandika pia kwamba aliendesha teksi?"

Ndiyo, ndugu msomaji. Joe Kadenge, yule tuliyemwimba nchi nzima, baada ya kutundika viatu aliendesha teksi mjini Nairobi. Sisemi hivyo kwa kuidharau kazi ya teksi. Ni kazi halali, na yeye aliifanya kwa mikono yake bila kumwibia mtu. Wakati wake mpira haukuwa ajira kama ilivyo leo. Wachezaji walikuwa na kazi zao, na jioni wakavaa viatu wakaenda kucheza. Lakini fikiria abiria anayeketi kiti cha nyuma, anasoma gazeti, anazungumza na mwenzake juu ya wanasoka wa zamani, huku yule aliyeshika usukani ndiye. Katika miaka yake ya mwisho aliugua kiharusi. Alipofariki, viongozi wakubwa walituma rambirambi, na mwaka huohuo wa 2019 ikatangazwa kwamba uwanja wa City ulio kando ya barabara ya Jogoo utaitwa kwa jina lake. Ni jambo jema, nami silipingi. Ila lilikuja baada ya masikio yake kufungwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kadenge alicheza kwao. Je, alituzwa? Tulimpa maneno, na maneno ni kitu kikubwa, nimekwisha kusema hivyo. Lakini maneno yale yalianza kama dirisha la kumwonyesha mtu, na sisi tumeyageuza pazia la kumficha. Tunayapigia kelele uwanjani, kwenye matatu, kwenye mikutano ya siasa, na ukimwuliza mpiga kelele Kadenge ni nani, anakwambia ni msemo tu. Mtu ameliwa na jina lake. Nami nilikuwa mmoja wa waliomla. Kwa maneno ya Mambo mwenyewe: je, huu ni ungwana?

Najua wapo watakaonipinga, na wengine walinipinga palepale katika kikao cha chama. Mwenzangu mmoja alisema, "Wewe unaishi katika miaka ya sitini. Sisi tuna simu. Mtu akitaka kumkumbuka Dennis Oliech, anabonyeza tu anaona." Ni kweli. Oliech alipofunga bao dhidi ya Cape Verde mwaka 2003 na kuipeleka Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2004, kamera zilikuwepo. Lakini kuona si kukumbuka. Mimi niliona bao la Ogam kwa macho yangu haya mawili, pamoja na marudio yake matatu, na nilishindwa kumwambia babu limefungwaje. Usipoweza kulisema jambo, utampaje mwenzako? Picha hubaki ndani ya simu, na simu ikianguka chooni, kumbukumbu imekwenda nayo.

Mwingine alisema, "Hao wazee wanatia chumvi. Mmoja anasema mrefu, mwingine anasema wa kadiri. Utaandika historia gani hapo?" Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Ndiyo maana nasema tukusanye kwa wengi, si kwa mmoja; tulinganishe, na pale penye tarehe na magazeti ya zamani tukahakikishe. Lakini hata ile chumvi yenyewe ni habari. Yule mama aliyechungulia nyuma ya redio hakunieleza chochote kuhusu miguu ya Kadenge. Alinieleza jinsi sauti moja ilivyoweza kumtia mtu mzima ndani ya sanduku la mbao, mtoto akaamini. Ni kitabu gani kitanipa hilo?

Na wa tatu alisema kwamba kumtunza mchezaji aliyestaafu si kazi ya wanafunzi wa Kiswahili, ni kazi ya serikali na vilabu. Nakubali. Hatuna pesa, hata ya kuchapisha jarida hili tulichangishana. Lakini kuna deni ambalo si la pesa. Kumjua mtu wakati bado yupo, kumwamkia kwa jina lake, kumwuliza ulichezaje siku ile, hilo halihitaji bajeti. Katika kila kaunti kuna wazee waliochezea timu ya wilaya, timu ya reli, timu ya posta, timu ya bandari. Wengine wanachunga ng'ombe, wengine wana vibanda sokoni. Pengine mmoja wao ndiye anayekuuzia nyanya.

Basi sitaki niwe kama debe tupu. Nina mapendekezo mawili kwa chama chetu.

Kwanza, kila mwanachama arudi kutoka likizoni na kumbukumbu moja ya mchezo, iliyoandikwa kutoka kinywani mwa mtu mzima wa kwao: babu, nyanya, jirani, yeyote. Aandike maneno yao kama walivyoyasema, hata kama sarufi imeteguka. Jarida lijalo lipate kurasa za hayo. Wazee wanaoijua miaka ya sitini wanapungua kila msimu wa mvua, na akipotea mmoja hakuna marudio.

Pili, mechi zetu za shule zitangazwe kwa Kiswahili, na mtu aliyeketi kando ya uwanja, kwa kipaza sauti kama kipo na kwa mdomo mtupu kama hakipo. Atangaze kama kwamba msikilizaji haoni. Neno "pale" lipigwe marufuku. Aseme kushoto au kulia, kwa kichwa au kwa guu la nje, juu ya mwamba au chini ya mikono ya golikipa. Tutachekana mwanzoni, najua. Lakini hivyo ndivyo lugha inavyokaza misuli, na hivyo ndivyo Mambo Mbotela naye alivyoanza siku moja, kwa kufungua kinywa.

Yule kijana wa kidato cha pili nilimtafuta muhula wa tatu. Nilimkuta akifua soksi kwenye mfereji. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Kadenge hakuchezea Gor Mahia." Nikamsimulia yote, toka Solongo hadi teksi. Alinisikiliza mpaka maji yakafurika kwenye karai. Mwisho akaniuliza, "Sasa tukipiga kelele ile tena uwanjani, ni vibaya?"

Nikamjibu hapana. Piga kelele, ndugu yangu, tena piga kwa nguvu. Ila ujue unamwita nani. Na akitokea mwingine kando yako akuvute shati akuulize Kadenge yuko kidato gani, usimcheke kama tulivyokucheka sisi. Mwonyeshe.

Hapo ndipo ninapoiweka kalamu yangu chini. Likizo ya Desemba nitakuwa kwa babu, na mechi yoyote itakayokuwa hewani nimemwahidi kumtangazia mwenyewe kuanzia kipenga cha kwanza. Amekubali kwa sharti moja, kwamba timu ya Ingwe nisiitaje tena kwa jina la majirani zao.